Kivinjari Kilichopitwa na Wakati na Akaunti Yako ya Benki



Mteja anafungua tovuti ya benki alipe ada ya shule, na ukurasa unabaki mweupe, au kitufe cha kuingia hakiitiki. Wengi hudhani akaunti imefungwa. Yamkini kilichozeeka ni kivinjari, yaani programu inayofungulia tovuti.

Mawasiliano kati ya kompyuta yako na benki hufichwa kwa lugha ya siri ambayo pande zote mbili sharti ziifahamu. Matoleo ya kale ya lugha hiyo, TLS 1.0 na 1.1, yalibainika kuwa na udhaifu, na mwaka 2021 yakaondolewa rasmi katika viwango vya kimataifa vya intaneti. Kivinjari kisichojua toleo la 1.2 au jipya zaidi hakiwezi kuelewana na benki iliyo makini. Internet Explorer 11, iliyozoeleka maofisini, Microsoft iliistaafisha tarehe 15 Juni 2022. Chrome nayo iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwaka 2023.

Kukataliwa huko hakumwibii mtu. Hatari huanza pale mteja mwenye haraka anapotafuta njia ya mkato. Onyo la kwamba muunganisho si salama aghalabu huacha nafasi ya kuendelea kwa hiari. Usiendelee, hasa katika ukurasa unaodai nywila. Wala usibofye tangazo linalochomoza katika tovuti nyingine likikuhimiza usasishe kivinjari, kwani matapeli huitumia sana njia hiyo. Sasisho halali hupatikana ndani ya menyu ya kivinjari chenyewe.

Kabla ya kufikiria kununua kompyuta nyingine, itazame saa yake. Betri ndogo ya ndani ikiisha, tarehe huweza kurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari hukiona cheti cha benki kuwa bado hakijaanza kutumika, kikakikataa. Kurekebisha tarehe hakugharimu hata senti.

Benki nazo zina wajibu. Si haki mteja agundue mabadiliko siku ya mwisho ya malipo. Taarifa itolewe mapema, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ikiwa kompyuta yako haikubali tena kusasishwa, nenda tawini, au piga namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yako.