Alama Zilizogongwa Katika Chuma cha Bastola

Mfugaji akiona ng'ombe mgeni zizini mwake hatazami pembe na rangi tu. Hutafuta chapa ya moto, kwani hiyo ndiyo itakayomjulisha mnyama yule ni wa nani. Bastola nayo ina chapa zake: taji ndogo, mishale, herufi mbili tatu na tarakimu. Mtu asiyezijua huzidhani kuwa ni siri ya jeshi. Si siri hata kidogo. Kila moja iligongwa na mtu mwenye kazi yake, na kwa sababu maalumu.

Mfano mwema ni bastola ya Smith & Wesson ya wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilitengenezwa Springfield, Massachusetts, huko Marekani, na zaidi ya bastola 500,000 za namna hiyo zilipelekewa majeshi ya Uingereza na ya nchi zilizokuwa chini ya Taji. Tangu mwaka 1942 namba zake zilitanguliwa na herufi V, ambayo ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya ushindi. Juu ya kiunzi cha nyingi zake pameandikwa U.S. PROPERTY, yaani mali ya Serikali ya Marekani, na kando yake herufi G.H.D. Herufi hizo zimewasumbua wengi, nazo ni za jina la Guy H. Drewry, mkaguzi wa silaha wa Jeshi la Marekani.

Mshale mfupi, mfano wa unyayo wa kuku, ni alama ya zamani ya mali ya Serikali ya Uingereza. Mishale miwili ikielekezana ncha kwa ncha, maana yake silaha imetolewa jeshini na kuuzwa.

Taji huwatatiza watu zaidi. Vita ilipokwisha, bastola nyingi ziliuzwa kwa raia wa Uingereza, na sheria ya nchi hiyo haikuruhusu silaha kuuzwa kabla ya kujaribiwa. Huko Birmingham iko nyumba ya majaribio iliyowekwa mwaka 1813. Silaha hupigwa kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida. Ikisalimika hugongwa taji lenye herufi NP, au BNP katika miaka ya baadaye. Alama hiyo hugongwa katika mtutu, katika kiunzi na katika kila tundu la risasi, ndiyo maana bastola moja huonekana imejaa mataji.

Pamoja na taji hupatikana tarakimu .38 na .767. Ya kwanza ni kipimo cha risasi, ya pili ni urefu wa ganda lake kwa inchi. Hapa ndipo penye hatari. Mafundi wengine walichimba matundu yale yapokee risasi ya .38 Special, ambayo ganda lake ni refu zaidi lakini jembamba. Risasi huingia vizuri, lakini ikipigwa, ganda huvimba kwa nyuma au hupasuka. Mwenye kusoma .767 atajua kwamba silaha hiyo haikuundwa kwa risasi ndefu, hata muuzaji akiapa.

Kosa jingine ni la namba. Mtu hufungua silinda, akaona tarakimu ndani ya kiunzi, akaziandika katika daftari kuwa ndizo namba za bastola. Sizo. Zile ni za fundi wa kiwandani, za kulinganisha vipande visichanganyike. Namba ya kweli imo chini ya kitako, karibu na pete ya kamba. Cheti chenye namba ya fundi hakimsaidii mwenye silaha siku ikiibiwa.

Wezi nao huijua namba ya kitako, hivyo huisugua kwa tupa mpaka chuma kikawa laini. Lakini nyundo iliyogonga tarakimu iliukandamiza pia ukuta wa chuma ulio chini yake, mahali ambapo macho hayafiki. Wataalamu wa polisi husafisha mahali pale, wakapaka tindikali kidogo kidogo. Chuma kilichokandamizwa huliwa tofauti na kingine, na mara nyingi namba iliyofutwa hujitokeza tena, hafifu, lakini yenye kusomeka.