Wavu Mmoja, Pande Mbili
Maneno haya yalisemwa mjini Eldoret mbele ya wazazi, walimu na vijana wa michezo.



Nimeombwa niseme machache juu ya badmintoni, ambayo wengine huiita mpira wa vinyoya, na juu ya umoja wa taifa. Huenda mtu akajiuliza: katika mji huu wa wakimbiaji, mchezo wa wavu na raketi una habari gani ya kutuambia? Nami nasema unayo, ingawa si yote iliyo tamu. Nawaombeni mnisikilize kwa subira.

Nchi ya Malaysia ina Wamalay, Wachina na Wahindi, na badmintoni hupendwa huko na watu wa kila kabila. Kombe la Thomas, ambalo timu za wanaume za mataifa hulishindania, lilipochezwa mara ya kwanza mwaka 1949, Malaya ndiyo iliyolitwaa. Mwaka 1967 Malaysia ililitwaa tena, na furaha ikawa kubwa. Lakini hata miaka miwili haikutimia. Tarehe 13 Mei 1969 Wamalay na Wachina walipigana mjini Kuala Lumpur, na watu wengi wakafa.

Jirani zao wa Indonesia nao wana kisa chao. Katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992, Susi Susanti na Alan Budikusuma, wote wawili wa asili ya Kichina, waliipatia nchi hiyo medali zake za kwanza za dhahabu. Mwezi wa Mei 1998 maduka na nyumba za watu wa asili hiyo hiyo zilichomwa moto mjini Jakarta. Siku chache baadaye timu ya Indonesia, yenye wachezaji wa asili mbalimbali, ilikuwa Hong Kong ikilitwaa Kombe la Thomas. Fikirini moyo wa mchezaji anayepokea kombe kwa jina la taifa, na huku nyumbani jamaa zake wanaogopa kufungua mlango.

Basi tusiwacheke wenzetu, maana sisi nasi tumeyaona. Mwaka 1964 huko Tokyo, bendera ya Kenya ilichukuliwa na Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa, na medali yetu ya kwanza ya Olimpiki ikaletwa na Wilson Kiprugut wa Kericho. Mwaka 1968 huko Mexico, Naftali Temu, Mkisii, alishinda mbio za mita 10,000, na Kipchoge Keino, Mnandi, akashinda mita 1,500. Taifa zima liliwaona kuwa ni watoto wake.

Hata hivyo, baada ya kura za Desemba 2007, jirani alimgeukia jirani. Lucas Sang, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, aliuawa katika machafuko hayo hapa kwetu. Siku ya Mwaka Mpya wa 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo kutafuta usalama. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Medali zetu zote hazikuwaokoa.

Je, tuseme michezo haina faida? Hasha. Tuseme kwamba tumeitaka faida mahali isipokuwapo. Kushangilia ni kazi ya siku moja. Mtu aweza kumshangilia mkimbiaji wa kabila jingine hali amekaa na watu wake mwenyewe, wala hajui jina la mtoto wa jirani yake. Bali kucheza pamoja ni kazi ya kila juma.

Tazameni badmintoni ya wawili wawili. Uwanja wake ni mdogo, mita 13.4 kwa 6.1. Hapana nafasi ya kumwepa mwenzako. Ni lazima umwite, umwamini, umwachie mpira ulio wake, na akikosa usimtukane. Ng'ambo ya wavu yuko mpinzani wako, naye yu chini ya sheria zile zile zinazokubana wewe. Hayo ndiyo mafunzo ya uraia, na hayahitaji fedha nyingi.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, ninyi walimu, msiwaache watoto wachague wenzi wa lugha moja. Wachanganyeni, na wakae pamoja muhula mzima. Pili, ninyi viongozi wa vyama vya michezo, teueni wachezaji kwa uwezo wao, na hesabu za fedha zisomwe mbele ya wote, kwa maana upendeleo mmoja hubomoa kazi ya miaka kumi. Tatu, ninyi wazazi, mchezo ukiisha mkaribisheni nyumbani mwenzi wa mtoto wenu, anywe chai, mjue kwao.

Sisemi kwamba mchezo utamaliza ugomvi wa mashamba au kuhesabu kura kwa haki. Kazi hizo zina wenyewe, na hapana budi wazifanye. Lakini siku ya uvumi na hasira, mtu huuliza, "Hao ni akina nani?" Siku hiyo nataka kijana wa Eldoret aweze kujibu, "Yule namfahamu. Tulicheza upande mmoja."

Mwezi wa Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji. Barua ya serikali yaweza kuufanya mji uwe jiji, lakini ujirani mwema hufanywa na wenyeji wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze juma hili.