Nani Anaendesha Kuba? Modeli, Udhibiti na Ufundishaji wa Mitambo ya Biogesi Kilimanjaro



Mitambo ninayotaka kuizungumzia iko pande mbili za mji wa Moshi. Kusini, Arusha Chini, kuna kiwanda cha sukari cha TPC, kilichoanzia kwenye mashamba ya miwa yaliyofunguliwa na kampuni ya A. P. Møller ya Denmaki miaka ya 1930. Kaskazini, vihambani, yaani kwenye mashamba yanayozunguka nyumba za mlimani, chini ya migomba, yamefukiwa makuba ya biogesi ambayo mpita njia hayaoni. Kiwanda kina chumba cha udhibiti, skrini, zamu na wahandisi. Kuba lina mama mmoja na ndoo. Sisi walimu wa uhandisi tunafundisha habari za kiwanda, na kuba tunalipa picha moja katika sura ya mwisho, wiki ile ambayo wanafunzi wameshaanza kusomea mtihani. Hoja yangu jioni hii ni kwamba kuba ni gumu zaidi kuliendesha, na kwamba lingefaa kuwa somo la kwanza.

Tuanze kiwandani, lakini kwa jambo moja tu. Boila ya kiwanda cha sukari huchoma makapi ya miwa. Mvuke wake huzalisha umeme kwanza, kisha hupelekwa kuchemsha juisi. Sasa mafundi wa sukari wakifungua mvuke mwingi kwa ghafla, presha ndani ya boila hushuka. Presha ikishuka, mapovu yaliyomo ndani ya maji hutanuka, na kwenye kioo cha kupimia maji yanaonekana kupanda. Boila inapungukiwa maji, kioo kinasema yameongezeka. Kidhibiti kinachotegemea kioo peke yake kitabana maji ya kulishia wakati uleule yanapotakiwa. Ndiyo maana boila kubwa hazipimi kiwango cha maji peke yake. Hupima pia mvuke unaotoka na maji yanayoingia, kisha huamua kwa kuyatazama yote matatu. Kipimo hakikuwa kibovu. Kilisema kweli, na bado kingekupoteza.

Kuba nalo lina ujanja huohuo, ila wake huchukua wiki badala ya sekunde. Ndani yake kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Wa kwanza huvunjavunja nyuzi za majani yaliyomo kwenye samadi, wanaofuata hugeuza vipande hivyo kuwa asidi, na wa mwisho hula asidi na kutoa methani. Hawa wa mwisho huzaliana polepole kuliko wote na hawapendi uchachu. Mtu akililisha kuba kupita kiasi, mfano amepata samadi ya jirani akaimwaga yote kwa mkupuo, gesi huongezeka siku za mwanzo. Presha inapanda, mwenye nyumba anafurahi. Lakini sehemu kubwa ya gesi hiyo ni kabonidayoksaidi, isiyowaka. Asidi imezalishwa kuliko inavyoliwa, walaji wake wanazidi kudhoofika, na asidi inazidi kujaa. Moto jikoni unaanza kuruka na kuzimika, na mtu akiona hivyo huongeza samadi. Hata karatasi ya kupimia uchachu haimsaidii upesi, kwa sababu samadi ya ng'ombe ina uwezo mkubwa wa kuvumilia asidi kabla karatasi haijabadilika rangi. Ikibadilika, umeshachelewa.

Makuba haya hayakuanza jana. Katikati ya miaka ya 1970 shirika la viwanda vidogo, SIDO, lilijenga mitambo ya aina ya India, yenye pipa la chuma linaloelea juu ya samadi. Pipa lilikuwa ghali na lilishika kutu. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1981, kikishirikiana na shirika la GTZ la Ujerumani, kikageukia kuba la tofali lisilo na chuma kinachosogea. Sasse, Kellner na Kimaro waliueleza ujenzi wake katika kitabu cha mwaka 1991, na kuanzia 2009 mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani uliosimamiwa na CAMARTEC, kwa msaada wa mashirika ya SNV na Hivos, ukajenga maelfu.

Naomba tulitazame kwa karibu, kwa sababu nasikia watu wakiliita teknolojia duni. Ukuta wake una mkanda mmoja uliodhoofishwa kwa makusudi. Ufa ukianzia chini, ambako uzito na udongo vinasukuma, unafika kwenye mkanda huo na kuishia hapo. Haupandi hadi sehemu ya juu inayoshika gesi. Kisha presha. Gesi ikijaa, inalisukuma tope lipande kwenye chemba ya kutokea. Ukiwasha jiko, tope linarudi na kuisukuma gesi jikoni. Kikomo cha presha hakiwekwi na valvu wala na umeme, kinawekwa na kimo cha tundu la kufurikia. Fundi mwashi aliyepima kimo hicho kwa kamba na timazi amejenga kidhibiti ambacho hakitahitaji betri maisha yake yote.

Presha inajiendesha, basi. Chakula hakijiendeshi, na hapo ndipo modeli inapotakiwa.

Wataalamu wa dunia wanayo modeli kubwa, ADM1, iliyochapishwa mwaka 2002, yenye vigezo vingi kiasi kwamba kuvipima vyote kwa kuba moja la Uru mlimani kungegharimu kuliko ng'ombe wote wa kitongoji. Ni kazi nzuri, na kwa mtambo wa majitaka wa jiji ningeitumia. Kwa kihamba natumia mstari mmoja: ujazo wa tope, ugawe kwa unachomwaga kila siku, upate siku ambazo samadi inakaa ndani. Tope lita 4,000, mlisho kilo 40 za samadi na lita 40 za maji: siku 50. Kilo moja hutoa gesi ya lita 30 hadi 40, kwa hiyo ni kama lita 1,400 kwa siku, na jiko linalokula lita 350 kwa saa linawaka saa 4. Chai ya asubuhi, maharage na ndizi za jioni zimepikwa.

Hesabu hiyo ni ya Moshi mjini, ambako wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 23. Kuba lililofukiwa halina joto lake, linafuata udongo. Ukipanda mita 1,000 mlimani joto linapungua kwa takriban nyuzi 6. Kazi ya vijidudu, kwa kanuni ya kukadiria, hupungua nusu kila joto likishuka nyuzi 10. Kwa hiyo vihamba vya juu, penye nyuzi 17, kuba lilelile linafanya theluthi mbili ya kazi. Likitaka kumeng'enya sawasawa linahitaji siku 76 badala ya 50. Ama ulijenge la lita 6,000, ama ulilishe lita 53 kwa siku na uridhike na moto usiofika saa 3. Ukililisha lita 80 kama ndugu zako wa chini, sehemu ya samadi itatoka mbichi, ikinuka, na jirani ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupa taarifa. Kuchora kuba kwa kuhesabu idadi ya ng'ombe bila kuuliza kihamba kiko mita ngapi juu ya bahari ni uvivu wa kihandisi.

Bado sijamfikia mwendeshaji. Ng'ombe wa kihamba hafugwi kwa kuchungwa, hufungiwa bandani, na majani yake mara nyingi hubebwa kutoka tambarare na wanawake. Maji ya kuchanganyia yalikuwa yakitoka kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa mlimani. Mifongo yenyewe ni mfumo wa udhibiti wa zamani kuliko chuo chochote nchini: kila ukoo na zamu yake, na mtu anayejua nani afungue na nani afunge. Mfongo ukikauka, lita 40 zinatoka bombani au kichwani, na hapo mlisho unapungua bila mtu kuamua. Halafu Januari inafika na ada ya shule, ng'ombe mmoja kati ya wawili anauzwa. Katika modeli yangu hilo ni badiliko la ghafla la mlisho, tena kubwa. Kuba halifi, vijidudu hudumu wiki nyingi na njaa. Hatari ni pale ng'ombe mpya akifika na watu wakamwaga samadi yote iliyolundikana ili kufidia. Lirudishwe kwenye mlisho wake kidogokidogo, pamoja na ndoo chache za tope kutoka kuba la jirani linalofanya kazi vizuri.

Kila mwaka ninapokea maandiko ya miradi yenye vihisi vya kutuma data kwa simu. Sivipingi, ila gesi hii ina kampaundi ya salfa inayonuka kama yai viza, inayokula shaba ya vihisi vya bei nafuu, na data yenyewe huenda kwa mtafiti, si kwa mwenye ndoo. Mimi nachagua mpira mwangavu uliopindwa kama herufi U, wenye maji ya rangi, ukatundikwa ukutani jikoni na kuwekewa alama za sentimita. Tofauti ya vimo viwili ndiyo presha. Mama akiona presha ni nzuri na moto ni dhaifu, anapunguza ndoo, haongezi. Mfanyakazi wa boila hufundishwa kanuni hiyohiyo kwa lugha nyingine.

Kwa upande wa darasa, mwanafunzi wetu anajua kukokotoa kanuni za Ziegler na Nichols za kurekebisha vidhibiti, za mwaka 1942, usingizini, lakini mtambo wenye kujibu baada ya siku 50 hajawahi kuusubiri. Muhula wa wiki 15 ni siku 105, sawa na mizunguko miwili tu ya kuba la mjini. Kwa hiyo zoezi lazima lianze siku ya kwanza ya muhula, kabla nadharia haijafundishwa, na mwanafunzi aje kuielewa nadharia akiwa tayari na daftari lenye vipimo vyake vya kila asubuhi. Wenzangu wananiambia hilo linavuruga mtiririko wa mtaala. Linavuruga. Baadaye ataweza kwenda kwenye viwanda vya kumenya kahawa, ambako maji machafu huja kwa msimu na kukoma, au Hale mkoani Tanga, ambako mabaki ya mkonge yalitumika kuzalisha umeme kwa biogesi, kwa kuwa nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya mmea.

Swali la kwanza la mtihani wa mwaka huu limeshaandikwa: kaya ina ng'ombe wawili na kuba la lita 4,000, mmoja ameuzwa Januari. Chora presha ya asubuhi kwa siku 100 zinazofuata, kwanza kwa kihamba cha juu, kisha kwa nyumba ya mjini, na ueleze ni siku gani ungemwambia mwenye nyumba abadilishe mlisho. Jibu ninalo, lakini watahiniwa wameketi mstari wa nyuma, kwa hiyo naishia hapa.