Picha za Ukutani

Ndugu wazazi, watoto wetu huulizwa shuleni kama Kongo kuna shule, nao hunyamaza. Basi mkienda kuonana na mwalimu, tazameni kuta za darasa. Yule mzee wa nywele timutimu ni Albert Einstein. Mwambieni mtoto kwamba naye alikuwa mkimbizi: alimkimbia Hitler akahamia hapa Marekani mwaka 1933.

Kisha tazameni kuta za nyumbani. Kwa wengi wetu kuna kalenda tu. Wekeni picha ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, watu wakifa kwa ugonjwa usiojulikana, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu. Ugonjwa ule ndio Ebola. Baadaye, kutokana na damu ya mtu aliyepona kule Kikwit mwaka 1995, yeye na wenzake wakapata dawa, na Marekani yenyewe ikaiidhinisha Desemba 2020. Mtoto ajue habari hiyo kwa kichwa.

Maktaba nyingi huchapisha picha kwa bei ndogo. Msipige misumari! Tumieni gundi inayobanduka bila kutoa rangi, maana rangi ikitoka, mwenye nyumba atakata kwenye dhamana mliyolipa.