Pindo Moja, Miji Mingi



Mtu wa Likoni akipanda feri asubuhi husema anaenda tauni. Wa Kisauni akivuka daraja la Nyali husema hivyo hivyo, na wa Changamwe akipita Makupa pia. Utadhani jiji liko kisiwani tu, na huku ni mahali pa kulala. Hesabu inasema vingine. Katika sensa ya 2019 kaunti ilikuwa na watu 1,208,333. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na 154,171. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882.

Sasa tazameni picha zinazotolewa kila Mombasa inapotajwa: pembe za barabara ya Moi, au Fort Jesus. Zote ziko kisiwani. Pembe hazina ubaya. Ziliwekwa mara ya kwanza mwaka wa 1952 kwa ziara ya binti mfalme Elizabeth, na leo ni wachache wanaozihusisha na mgeni yule, zimekuwa zetu. Lakini mtoto wa Mtongwe akiambiwa achore mji wake, huenda akaanza na feri.

Ndiyo maana miji mingine imeacha nembo moja isiyogeuka. Melbourne, Australia, mwaka wa 2009 ilichukua herufi M, ikashika umbo lake na kubadilisha kilicho ndani. (Sisi M yetu imesimama barabarani tangu zamani, magari yanapita chini yake.) Porto ya Ureno, kwa Wareno wale wale waliotuachia Fort Jesus, ilitoa yake mwaka wa 2014. Mbunifu Eduardo Aires alichora vipicha vya buluu kwa mfano wa vigae vya kuta za huko: daraja, tramu, mvinyo. Vyaweza kupangwa vingi pamoja au kutumiwa kimoja kimoja, na bado mtu akajua ni Porto.

Jambo hili si geni kwa mwanamke yeyote wa Pwani. Leso ina pindo, ina mji na ina jina. Mji hubadilika, jina hubadilika, rangi hubadilika kila msimu, na hakuna anayeuliza kama bado ni leso. Zile za Biashara Street zimeandikwa "Mali ya Abdulla" pembeni, maandishi madogo tu, na mnunuzi huyatafuta kabla ya kuuliza bei. Utambulisho wa jiji ungeweza kufuata mtindo huo: pindo moja na herufi za aina moja kwa kaunti nzima, halafu katikati Likoni iweke feri, Changamwe ndege za Port Reitz au matangi ya Kipevu, Kisauni mikoko ya Junda au msitu ulioota kwenye machimbo ya Bamburi. Wenyeji ndio wa kuchagua.

Rangi peke yake haitoshi. Agizo la 2018 la kupaka majengo nyeupe na buluu lilizua mjadala mkubwa, na sehemu ya mjadala huo ilikuwa gharama: nani ananunua rangi?

Tusichanganye mambo, lakini. Bendera, nembo rasmi na muhuri wa kaunti ni vitu vya sheria, havichezewi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka alama hizo zitengenezwe kwa kushauriana na wananchi, kisha Bunge la Kaunti lizipitishe. Utambulisho unaobadilika hukaa kando ya nembo rasmi: kwenye vibao, risiti za soko, magari ya taka, sare.

Mchoro wa namna hii ukiletwa kwenye kikao cha maoni, msiutazame kwenye skrini pekee. Kwenye skrini kila kitu hupendeza. Ombeni utolewe kopi nyeusi na nyeupe, kisha kopi ya kopi. Upunguzwe hadi utoshe kwenye risiti ya shilingi hamsini. Halafu fundi wa maandishi ya ukutani apewe brashi na rangi mbili, auchore kwenye mlango wa zahanati bila kompyuta. Akishindwa, mbunifu arudi nao akaurekebishe.