Cheti cha ubani ni cha nani?

Kila kampeni ikifika Kaskazini utasikia ahadi hii: tutawaletea cheti, ubani wenu uuzwe Ulaya kwa bei ya maana. Upande wa pili unajibu ati cheti ni ujanja wa wazungu wa kutufungia msitu. Mimi naona wote wawili wanalikwepa swali lenyewe.

Tuanze na kazi. Huko Isiolo, Samburu, Marsabit na Wajir, kiangazi kikikaza na maziwa kupungua, akina mama na wachungaji huokota ubani, hagar na gundi ya migunga wakiwa malishoni. Wengi hata hawachanji mti. Wanabandua utomvu uliojitokea wenyewe ukakauka. Wanauza kwa duka la karibu, dalali anapeleka Nairobi.

Sasa cheti. Kiwe cha kilimo hai au cha FairWild, kinataka ramani ya eneo, orodha ya waokotaji, rekodi za mzigo, na mkaguzi wa kulipwa. Mama wa Merti atatoa wapi hizo pesa? Kwa kawaida analipa muuzaji wa nje, na anayelipa ndiye mwenye cheti. Hapo ndipo maneno yalipo, jamani. Akitokea dalali mwingine na bei nzuri zaidi, ukimuuzia, ubani uleule wa mti uleule unakuwa wa kawaida tu. Cheti kimebaki kwa yule wa kwanza.

Sisemi tukikatae. Mnunuzi wa aina hii anataka mzigo safi uliochambuliwa, na kuchambua ni kazi inayoweza kulipwa pale pale kijijini. Ninachotaka ni jamii ishike karatasi yenyewe, na kwa hilo ardhi lazima iwe na mwenyewe kisheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yao, na mkataba wa uwekezaji hausimami bila kukubaliwa na thuluthi mbili ya mkutano wa jamii. Ardhi isiposajiliwa, kaunti ndiyo inayoishika kwa niaba yenu. Sasa mtakaa mezani na mnunuzi kama nani?

Kwa hivyo mgombea akija na hadithi ya cheti, muulizeni mambo mawili: ardhi yetu imesajiliwa? Na jina litakaloandikwa kwenye hicho cheti ni la nani?