Tairi la Matope Kwenye Barabara ya Lami: Namna ya Kuchagua

Haya ni maelezo yaliyotolewa na msimamizi wa karakana ya magari ya Halmashauri mbele ya wamiliki na madereva wa pikapu na malori madogo yanayobeba viazi, ndizi na maziwa kutoka vijijini. Tunayachapa ili yawafikie pia wakazi wa kata ambao hawakuhudhuria.



Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na kila zinapokaribia, swali linaloletwa karakana ni lile lile: nifunge tairi gani? Swali hili si jepesi, kwa sababu magari yetu huishi maisha mawili. Alfajiri pikapu inatoka shambani kwenye udongo wa volkano uliolowa. Baada ya saa moja imeingia barabara kuu ya Uyole hadi Kasumulu, inapita Isongole ndani ya ukungu, kisha inateremka kuelekea Uyole pamoja na malori makubwa yanayotoka mpakani. Gari ni moja na tairi ni lile lile.

Wengi wetu huamini kwamba tairi lenye kashata kubwa ni bora kila mahali. Nimekuja kuwaeleza kwamba sivyo. Tairi la matope hununuliwa kwa sababu ya kilomita chache za matope, lakini hulipiwa kwenye kilomita nyingi za lami, na wakati mwingine malipo hayo si ya fedha.

Tuanze na aina zake. Ubavuni mwa tairi mtaona herufi. H/T ni tairi la barabara iliyotengenezwa, lenye mifereji myembamba. M/T ni tairi la matope, lenye kashata nene zilizoachana sana. Kati yake kuna A/T, tairi la barabara mchanganyiko. Herufi M+S, ambazo wauzaji wengine huzionyesha kama ushahidi wa tairi la matope, hazitoshi. Huwekwa hata kwenye matairi ya kawaida ambayo kashata zake hujaa udongo kwa mzunguko mmoja.

Siri ya tairi la matope ni ile nafasi iliyo kati ya kashata. Gurudumu linapozunguka, udongo ulioingia hutupwa nje, na kashata huuma upya. Tairi lenye mifereji myembamba hushindwa kuutupa. Udongo hujaa, tairi hugeuka kipara japokuwa ni jipya, na gari huteleza mtaroni. Kwa hiyo sifa ya tairi la matope ni ya kweli, nami siipingi.

Lakini tazameni kinachotokea likifika kwenye lami. Ile nafasi iliyotusaidia shambani ni mahali ambapo hakuna mpira. Mpira unaogusa barabara ni mchache, na breki hushika kwa mpira unaogusa. Lami ikilowa, tairi la barabara hutumia vijikato vyembamba vilivyomo kwenye kashata zake kuivunja ngozi ya maji. Tairi la matope halina vingi. Tena kashata ndefu hunepa gari linapokata kona, hivyo usukani huitika kwa kuchelewa. Katika mteremko, juu ya lami iliyolowa, mzigo ukiwa nyuma na lori limesimama ghafla mbele, gari lenye tairi la matope huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame. Ndugu zangu, gari hilo hilo usiku hubeba mama mjamzito kumpeleka hospitali Tukuyu. Hatuchagui tairi kwa ajili ya viazi peke yake.

Hasara nyingine zinajulikana. Tairi la matope ni zito, hunguruma, huongeza matumizi ya mafuta, na juu ya lami kashata zake huliwa upesi, mara nyingi kwa mshazari kama meno ya msumeno. Anayelitumia alihamishe mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, vinginevyo ngurumo itazidi na tairi litakwisha kabla ya wakati.

Basi tuchague vipi? Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kabla hujaenda dukani, hesabu safari zako za wiki moja. Ikiwa kutoka shambani hadi lami ni kilomita 4, na kutoka hapo hadi sokoni ni kilomita 40, sehemu ya matope ni moja kwa kumi na moja tu. Mwenye hesabu ya namna hii, na ndio wengi waliomo humu ndani, namshauri afunge A/T nzuri kwenye magurudumu yote manne. Kwa zile siku chache ambazo njia haipitiki, awe na minyororo ya magurudumu ndani ya gari. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, gari huendeshwa polepole, na hufunguliwa kabla ya kukanyaga lami, kwa maana huiharibu lami na tairi lenyewe.

Tairi la M/T linamfaa yule ambaye sehemu kubwa ya mwendo wake wa kila siku iko matopeni, kama gari linalozunguka mashambani na kufika lami mara moja kwa wiki. Mwenye uwezo anaweza kuweka seti mbili zilizokwisha kufungwa kwenye rimu zake, moja ya masika na nyingine ya kiangazi. Gharama ya mwanzo ni kubwa, lakini kila seti hudumu zaidi kwa kuwa hupumzika nusu ya mwaka.

Ukishaamua aina, soma namba. Mfano ni 265/65R17 112S. Namba 112 ni kipimo cha mzigo, na maana yake ni kwamba tairi moja huhimili kilo 1,120. Matairi mawili ya nyuma ni kilo 2,240, na humo mmo uzito wa nyuma ya gari lenyewe, si magunia pekee. Herufi ya mwisho ni kikomo cha mwendo. S ni kilomita 180 kwa saa, na Q, inayoonekana kwenye matairi mengi ya matope, ni kilomita 160. Usikubali tairi lenye kipimo cha mzigo kilicho chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hata likiwa na kashata za kuvutia.

Usipandishe ukubwa ovyo. Anayetoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 anaongeza kipenyo kwa zaidi ya asilimia 3. Kipimamwendo kikionyesha 80, gari linakwenda karibu 83. Breki hupata kazi zaidi, na tairi laweza kusugua bodi usukani unapokatwa.

Angalia pia umri. Baada ya herufi DOT kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na kashata ndefu zaweza kuficha mpira uliokauka. Wala msichanganye M/T upande mmoja na H/T upande mwingine wa ekseli moja, kwani gari litavuta upande likifunga breki. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, tairi za vipenyo tofauti mbele na nyuma hukaza gia na difu hadi zivunjike.

Kuhusu upepo, wapo wanaopunguza ili tairi litanuke na lisizame. Ni mbinu halali kwa gari jepesi linalokwenda polepole. Kosa ni kuingia lami bila kujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hunepa, hupata joto, kisha hupasuka. Asiye na pampu ndani ya gari asipunguze upepo.

Neno langu la mwisho ni juu ya barabara zenyewe. Najua wapo watakaosema kwamba dawa ya matope ni lami. Ni kweli, na maombi hayo yaendelee kupelekwa TARURA, wenye dhamana ya barabara za wilaya. Lakini tangu leo hadi siku hiyo, tunazo hizi tulizonazo. Kashata kubwa zinazozunguka bila kusogea huchimba. Gari moja likilazimisha kupita mara tu baada ya mvua, huacha mikondo miwili, maji huifuata, na baada ya wiki moja mikondo hiyo ni korongo. Aliyepita amepita, lakini bodaboda, mkokoteni na mtoto wa shule wa kesho hawapiti. Mara nyingi kungoja saa chache maji yachuje kunatosha kuokoa njia ya kijiji kizima. Vilevile, kabla ya kuingia lami, simama ukwangue udongo ulionasa kwenye magurudumu. Tope lililodondoka kwenye kona ni mtego kwa anayekuja nyuma yako.

Ndugu zangu, njooni karakana mkiwa na hesabu ya safari zenu na namba zilizo kwenye kibandiko cha mlango. Tutazisoma pamoja kabla hamjatoa fedha. Aliyekwisha kununua tairi la matope asilitupe. Ajue tu kwamba likiwa juu ya lami iliyolowa anapaswa kuongeza nafasi kati yake na gari la mbele, na kupunguza mwendo mapema kabla ya mteremko.